Saratani ya figo ilivyomfuata fundi makochi hadi kidoleni

Saa mbili asubuhi Mama Makochi amepiga magoti juu ya kochi la watu watatu, analichuna kama mtu anayechuna mbuzi. Pini zinaruka, kitambaa kinaachia, vumbi linapanda hadi darini. Anaingiza mkono kwenye ufa wa nyuma ya kiti na, kama kawaida, unatoka na mali: kitana, kalamu mbili, kifungo cha shati na rimoti ya televisheni.

"Wenye nyumba waligombana kwa ajili ya hii," anasema, akiiweka dirishani. "Kila mtu akimshuku mwenzake. Kumbe walikuwa wameikalia."

Karakana yake ni chumba kirefu chenye mlango wa bati, ambacho amekigawana na seremala mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Nusu ya mbele ni ya mbao na randa, nusu ya nyuma ni ya sponji, mikanda ya mpira na marobota ya vitambaa. Katikati hakuna ukuta. Mpaka ni mstari wa vumbi la mbao, ambao Seremala huuvuka kila anapotaka kuazima mkasi.

Mkono wa kulia wa Mama Makochi umeshika nyundo. Wa kushoto unavuta kitambaa kipya na kukikaza kwenye fremu, na hapo ndipo macho ya mgeni hukwama. Kidole gumba cha mkono huo kimeishia katikati. Juu ya kigutu amevaa kifuko cha ngozi bandia nyekundu, alichokishona mwenyewe kutokana na masalia ya kazi ya mteja.

Wateja wapya hudhani ni msumeno wa jirani yake. Yeye huwajibu kwamba ni figo.

"Wengine wanacheka kidogo, wananiona nimechanganyikiwa," anasema. "Nawaacha wacheke kwanza. Hata mimi siku niliyoambiwa nilikaribia kucheka."

Ana umri wa miaka hamsini na sita. Kazi hii aliifundishwa na mjomba wake, aliyemchukua karakanani kwa shingo upande, akiamini kwamba mpwa wake angechoka kabla ya kuujua mkasi. Mjomba alistaafu, mpwa akabaki na wateja wote. Jina lake la kuzaliwa sasa linatumika kliniki na benki tu. Kwingine kote, hata kwa mumewe ambaye ni dereva wa basi la shule, yeye ni Mama Makochi.

Habari ya figo ni ya zamani. Miaka kumi na moja iliyopita alianza kuona mkojo wake ukiwa na rangi ya chai ya rangi, kisha ukawa mwekundu waziwazi. Hakuwa na maumivu, kwa hiyo aliupuuza kwa muda. Alipokwenda hospitali walimkuta na uvimbe kwenye figo ya kushoto. Ilikuwa saratani, na figo nzima ikatolewa.

Madaktari walimwambia kila walichokiona kimetoka, na kwamba binadamu anaweza kuishi na figo moja hadi uzeeni. Alirudi kazini. Kwa miaka kadhaa alihudhuria kliniki, na kila mara aliambiwa ni mzima. Kisha daktari aliyemzoea akahamishwa, safari zikapungua, na mwisho zikakatika zenyewe, bila uamuzi wowote. Kilichotoka kimetoka, alijiambia.

Mwaka jana nyundo ilimpiga kwenye kidole gumba cha kushoto. Hilo halikuwa jambo la kusimulia. Nyundo na kidole gumba, anasema, ni kama wake wenza, lazima siku moja wagombane. Alikipuliza, akakinyonya, akaendelea na kazi.

Lakini safari hii kidole hakikupoa. Wiki zilipita, kikazidi kuvimba. Ncha ilifura ikawa kama kichwa cha kijiko, ngozi ikang'aa, ukucha ukaanza kunyanyuka. Akilala alikisikia kikidunda.

Majirani walikubaliana kwamba ni mdudu wa kidole, ule uvimbe wa usaha unaoota pembeni mwa ukucha. Alikichovya katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alinunua vidonge dukani, akamaliza dozi, akanunua tena. Kidole kikawa kama hakijaambiwa kitu.

Kwenye zahanati ya mtaani, tabibu alikipasua kidogo ili usaha utoke. Usaha haukuwepo. Ilitoka damu, ikatoka nyingi, ikakataa kukoma. Tabibu alikikandamiza kwa pamba muda mrefu, jasho likimtoka, huku akimwuliza maswali ya kawaida ili asiogope. Damu ilipotulia alimweleza wazi kwamba hajui ni nini, ila anajua si mdudu. Akamwandikia aende hospitali kubwa akapigwe eksirei.

Daktari wa mifupa aliyempokea alikuwa kijana wa kiume mwenye sauti ya chini. Aliinua ile picha mbele ya dirisha, akamwonyesha. Vidole vinne vilikuwa na ncha za mfupa zilizochongoka vizuri. Kwenye kidole gumba ncha haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ukungu, kama mbao iliyoliwa na mchwa ikabaki ganda.

Daktari alimwuliza kama amewahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa. Akajibu hapana. Akamwuliza tena, kwa namna nyingine, kama amewahi kupasuliwa.

"Mimi nimekwenda na kidole, yeye ananiuliza habari za tumboni," anakumbuka. "Nikasema moyoni, huyu mtoto wa watu amechoka, amechanganya wagonjwa."

Akamtajia ile figo kwa kumridhisha tu. Daktari aliiweka picha mezani. Alimwomba arudie, mwaka gani, upande upi, na kwa nini ilitolewa. Kisha akaagiza kipande kidogo cha nyama ya kidole kikapimwe.

Majibu yalipotoka, Mama Makochi alikuwa na mumewe. Daktari aliwaambia kwamba ndani ya kidole kile kuna chembe za saratani. Mama Makochi akauliza kama sasa ana saratani ya kidole.

"Hapana, mama," daktari akamjibu. "Ni saratani ileile ya figo. Figo ilitoka, lakini kabla haijatoka ilikuwa imeshatawanya mbegu. Mbegu nyingine hulala miaka mingi, kisha huota pale ambapo hakuna anayepatazama."

Aliwaeleza kwamba ugonjwa huo, ukihama, kwa kawaida hukimbilia mapafu, mifupa mikubwa au ini. Kwenda kwenye ncha ya kidole ni nadra sana. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma habari zake tu, hajawahi kuona. Nyundo, alisema, haikuleta kitu, ila iliwafanya wote wakitazame kidole huku kila mtu akiwa na jibu lake tayari.

Mume wa Mama Makochi ni mtu wa maneno machache. Siku hiyo aliyapunguza zaidi. Walipotoka kwenye korido alikishika kile kidole kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kama yai limeiva, akakiachia. Njiani aliuliza jambo moja tu, kama wapitie sokoni au waende moja kwa moja nyumbani.

Jumapili iliyofuata mdogo wake Mama Makochi, ambaye ni msusi, alikuja kumsuka. Alikuwa amefika katikati ya kichwa pale kitana kilipogota nyuma ya sikio, kwenye kinundu. Wote wawili walikuwa wanakijua. Walikuwa wamekitania kwa miezi, wakisema ni akili inatafuta pa kutokea. Lakini sasa kilikuwa kimekua, kikiguswa kilikuwa laini na cha moto, na mzaha ulikuwa umekwisha.

Msusi aliweka kitana chini. Alimwambia dada yake kwamba kesho wanakwenda kwa yule daktari, na kwamba hamalizii nywele, maana akizimalizia dada atapata kisingizio cha kukaa nyumbani. Mama Makochi alikwenda hospitali kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, amekificha kwa kitambaa.

Kinundu nacho kilipimwa. Jibu lilikuwa lilelile, figo. Akapigwa picha ya mwili mzima. Mapafu, ambayo ndiyo madaktari waliyahofia zaidi, yalikuwa safi. Ubongo ulikuwa safi. Kwenye kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, palionekana doa dogo. Saratani iliyoondolewa pamoja na figo miaka mingi nyuma ilikuwa imechipua kwenye kidole, kichwani na kwenye kongosho, ikaruka sehemu zote ambako hutarajiwa.

Madaktari walikaa pamoja, wakaja na mpango. Kinundu kikatwe. Kidole kikatwe. Kwa doa la kongosho, na kwa mbegu nyingine ambazo huenda bado hazijaonekana, atumie vidonge kila siku.

Jibu lake lilikuwa fupi, na wauguzi wa kliniki ile bado wanalikumbuka. "Cha kichwani chukueni, sishoni kwa kichwa," aliwaambia. "Kidole niachieni."

Hakuwa akifanya ukaidi wa bure. Fundi makochi anayetumia mkono wa kulia hupiga nyundo kwa mkono huo, lakini kazi yenyewe iko kwenye wa kushoto. Kidole gumba cha kushoto ndicho kinachosukuma kitambaa, kinachokikunja kwenye pembe, kinachokibana hadi pini iingie. Na madaktari hawakuweza kumwahidi kingebaki kiasi gani. Walisema watajua watakapofika ndani.

Kinundu kikatolewa. Kidole akakifunga bandeji, akarudi karakanani nacho. Siku moja kilivuja damu kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa, cha mteja, akalazimika kubandua mkono mzima wa kochi na kuanza upya. Mumewe hakusema kitu. Mdogo wake alisema kwa niaba ya wote wawili, tena kwa sauti, mpaka dada akamwomba asije mahali pa kazi.

Aliyemgeuza ni Seremala, na wala hakumsihi.

Asubuhi moja Mama Makochi alifika akamkuta mwenzake upande wake wa karakana, ameketi kwenye kigoda chake, nyundo mkononi. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto alikuwa amekilaza kwenye kiganja, akakizungushia utepe wa karatasi wenye gundi raundi kadhaa, kikawa kama hakipo. Mbele yake palikuwa na stuli ndogo ya mbao na kipande cha sponji. Alikuwa anajaribu kuifunika kitambaa.

Mama Makochi alimwuliza anafanya nini. Akajibu anafanya kazi. Akamwuliza kwa nini amejifunga. Akapigilia pini nyingine.

Alishinda hivyo. Wateja wake wa meza na vitanda waliambiwa wapite kesho. Alijipiga nyundo, akatukana kimyakimya, akafumua, akaanza tena. Mchana alikula kwa mkono mmoja bila kuifungua ile gundi. Mama Makochi alikuwa ng'ambo ya mstari wa vumbi, akijifanya anakata sponji, lakini jicho halikubanduka kwa mwenzake. Aliona mwenzake akigundua kwamba kitambaa kinaweza kushikwa kwa ubavu wa kidole cha shahada. Aliona akikibana kwa goti. Aliona akichukua koleo na kuvutia nalo.

Jioni Seremala aliiweka stuli mezani. Ilikuwa imefunikwa kweli. Kitambaa kilikuwa kimekwenda upande, pembe moja imekunjamana kama shingo ya kobe, pini zimetawanyika ovyo.

"Imepinda," Mama Makochi akasema.

"Imepinda kwa sababu mimi si fundi makochi," Seremala akamjibu. "Sijawahi kushika kazi hii maishani. Na imefunikwa."

Akajibandua gundi, ngozi ikatoka nayo kidogo, akaenda zake kunawa.

Mama Makochi anasema alikaa akiitazama stuli ile hadi giza lilipoingia. Kisha akampigia mumewe simu, akamwambia amtafutie siku ya kupasuliwa. Mumewe akasema sawa. Baadaye Mama Makochi alijua kwamba mumewe alikuwa ameshaomba ruhusa kazini wiki mbili kabla, akisubiri neno hilo tu.

Alikatwa akiwa macho, mkono umetiwa ganzi. Kabla hawajaanza alimwambia daktari kwamba naye ni mkataji, na kwamba mkataji mwema hali kitambaa cha mteja zaidi ya kipimo. Daktari alimwahidi hatakula. Kidole kiliondolewa kuanzia kwenye kiungo cha chini ya ukucha, na kingo zilipopimwa zilikuwa safi. Nusu ya kidole ilibaki. Ni zaidi ya alivyojiachia Seremala.

Kujifunza upya kulichukua msimu mzima. Mwanzoni ukucha usiokuwepo ulikuwa ukimwasha, akijikuna hewani. Pini zilimponyoka. Alivunja sindano ndefu za kupinda, zile za kushonea vifungo vya mgongo wa kiti, moja baada ya nyingine. Kigutu kilipokomaa alikishonea kile kifuko chekundu, na kwa kuwa ngozi bandia haitelezi, anasema sasa kinabana kitambaa vizuri kuliko ukucha ulivyokuwa ukibana.

Kinachomsumbua zaidi leo ni vidonge. Anavipata kupitia bima ya kazi ya mumewe, na bila hiyo, anasema, asingekuwa na la kusimulia. Vinaondoa ladha mdomoni. Vinachubua nyayo na viganja, hivi kwamba zipo wiki ambazo nyundo haishikiki, na hizo huzitumia kupima na kukata. Kazi aliyoimaliza kwa wiki moja sasa inakula mbili, na mapato yamepungua karibu nusu.

Vidonge hivyohivyo vimegeuza nywele zake zote kuwa nyeupe, pamoja na nyusi. Mdogo wake, ambaye bado anamsuka, anadai amefaidika.

"Zamani watu walidhani mimi ndiye mkubwa," anasema msusi huyo. "Sasa shikamoo zote anapewa yeye. Mimi naulizwa mambo vipi."

Picha ya mwisho ilionyesha doa la kongosho limesinyaa kidogo, na hakuna jipya lililoota. Daktari hakutumia neno kupona, na Mama Makochi hakumwuliza. Alimwambia tu kwamba ugonjwa umelala, na kazi yao wote ni kutouamsha na kuuchungulia mara kwa mara. Tangu hapo hajakosa kliniki hata moja. Mumewe humpeleka kwa basi la shule akishashusha wanafunzi, mkewe akiwa abiria pekee, ambaye huketi kiti cha mbele na kukosoa jinsi viti vilivyoshonwa.

Amejijengea tabia moja ambayo familia inaichekea. Kila anapoingia kwa mganga yeyote wa hospitali, kabla hajaulizwa jina, huanza na figo. Aliwahi kumtajia daktari wa meno. Aliwahi kumtajia mpima macho.

"Acha wacheke," anasema. "Mwili ni mmoja. Ningeitaja figo siku ya kwanza, pengine kidole kisingesubiri vile. Lakini nani angejua? Nilikuwa nauguza kidole."

Akiulizwa kuhusu siku zijazo, Mama Makochi hazungumzii miaka. Anazungumzia makochi ya nyumbani kwake. Mganga hajigangi, na kwa muda wote aliowatengenezea watu viti, sebule yake imekuwa na makochi ambayo mgeni lazima aelekezwe pa kukaa. La mumewe limebonyea hivi kwamba mzee huinuka kwa awamu mbili. Jumatatu ijayo, akishakabidhi hili la watu watatu, ataanza kuyachuna.

Fremu atazikagua na Seremala. Sponji ameshaagiza. Kitambaa alikwenda kununua mwenyewe mwezi uliopita, akachagua cha kijani, ingawa mumewe alitaka kahawia isiyoonyesha uchafu. Muuza vitambaa alimtolea aina mbili za kijani hicho. Moja, alisema, ni rahisi na itadumu miaka mitatu, minne hivi. Nyingine ni nzito, ni ghali kidogo, lakini itamfikisha miaka kumi.

Mama Makochi alizipapasa zote mbili kwa mkono wa kushoto, kwa ubavu wa kidole cha shahada, bila haraka.

"Nikamwambia," anasema, "nipimie hiyo ya miaka kumi."